Ukoko wa Mama Mdogo

Kitanda Na. 9, Chumba cha Watu Kumi na Wawili,
Nyumba ya Wageni wa Mabegi,
Nyuma ya stesheni ya treni.

Jumanne, 14 Mei

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Najua hujaitikia, umebana midomo, lakini adabu yangu nimeitoa na iko hapo juu kwenye karatasi. Hujambo lakini? Goti la kushoto linasemaje na baridi hii? Unalichua, au chupa ya dawa bado imekaa dirishani na kifuniko chake? Na kazi je, cherehani za kutengeneza zinaingia? Yule mama wa sare za shule amekuja kuchukua mashine yake, au bado anaifanya karakana yako stoo yake? Nakuombea uzima. Mimi ni mzima wa viungo vyote isipokuwa tumbo, ambalo tumekosana.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu hupokei. Napiga, inaita mpaka inachoka. Dada Mkubwa anasema ukiona ni mimi unailaza simu kifudifudi na kuendelea na kazi. Basi barua haiwezi kulazwa kifudifudi ikanyamaza. Ukitaka kuichana, ichane, ila isome kwanza.

Sijasahau siku ile ya kuniaga, nilipousukuma mkono wako mbele ya wageni. Barua hii yote ni ya siku ile, nakwambia mapema usije ukadhani nimekaa napiga soga. Ila nikianza na hilo kalamu itanishinda. Niache kwanza nikusimulie ninavyokula huku, nawe utaona mwenyewe tunaelekea wapi.

Unanijua mwanao. Mimi ndiye Bwana Pua, jina mlinipa wenyewe kwa kuwa sikitii kitu mdomoni kabla sijakinusa. Nilikuwa naosha kijiko kilichokwisha kuoshwa. Nikikuta unywele kwenye mkate nalala na njaa. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyebeba begi mgongoni akasema anakwenda kuzunguka nchi za watu miezi mitatu kwa hela ya kubana. Kweli Mungu ana utani na mimi.

Jiko ni moja, sisi ni watu arobaini. Ukifungua mlango harufu inakupokea kabla ya watu: mafuta yaliyochacha, viatu vyenye unyevu, na maziwa ya mtu aliyeondoka wiki iliyopita bila kuyaaga. Jokofu limejaa mifuko yenye majina na tarehe za wenyewe kuondoka, na nusu yao wameshakwenda zao. Nilivuta droo ya chini nikakuta tango limekuwa maji. Sisemi limeoza, nasema limekuwa maji, limebaki ganda tu linaelea. Nilifunga droo nikaenda kukaa nje robo saa, nahema.

Sifongo ya kuoshea vyombo ni moja. Inaosha sahani, inafuta meza, na juzi nilimwona dada mmoja anaifutia buti lake lililokanyaga sijui nini. Nikamwuliza, dada, hiyo si ya vyombo? Akaitazama, akaisuuza kidogo bombani, akairudisha palepale penye vikombe. Salaale! Na kwenye meza ya kulia chakula kuna bwana mmoja dereva wa malori aliyeko likizo, kila Jumapili anaweka mguu juu ya kiti na kukata kucha. Kucha zinaruka, tunakula. Mimi tu ndiye ninayezifuata kwa macho zinapoangukia.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba chai angalau haiwezi kuchafuliwa, maana maji yakichemka yamechemka. Wiki nzima nakunywa chai ya birika la umeme la pale jikoni, naona ina chumvi kwa mbali, nikasema labda ni maji ya mji huu. Alhamisi nikamkuta jirani yangu wa kitanda, mzee mstaafu wa posta anayezunguka dunia kwa miguu, amesimama mbele ya birika anasubiri. Likazima lenyewe. Akafunua, akaingiza uma, akatoa soksi. Akaingiza tena, akatoa ya pili. Zinafuka mvuke. Akanisabahi vizuri tu, akanieleza kuwa mashine ya kufulia imeharibika na soksi za safari hazitakati kwa maji ya baridi. Mama Mdogo, nilikimbilia nje nikatapika kwenye maua ya watu. Tangu siku hiyo namwita Mzee wa Soksi. Yeye anacheka, anadhani namtania.

Sasa chakula chenyewe. Hotelini siingii, natazama watu wanavyotafuna kupitia kioo kisha naendelea na safari yangu. Ninachonunua ni kile ambacho duka linataka kukitupa kesho, wanakibandika karatasi ya njano, na sisi wa mabegi tunakigombania. Mkate wa juzi, ukiushika unalia. Samaki wa kopo mwenye mchuzi wa rangi ya dawa ya kikohozi. Yai la kuchemsha lililomenywa tayari, limekaa kwenye maji ndani ya mfuko, ukilibonyeza linakuponyoka. Nilikula moja. La pili nilimpa paka wa jirani, naye akalinusa akanitazama usoni.

Halafu siku moja nikaona maharage ya kopo. Loo, nilifurahi! Nikasema angalau kitu ninachokijua, maharage ni maharage tu popote ulipo. Sikusubiri hata kuyapasha moto, nikachota kijiko kizima nikatia mdomoni. Wameyatia sukari. Maharage, Mama Mdogo! Sukari! Nikayatema kiganjani, nikaligeuza kopo huku na huku natafuta wa kumlaumu. Mpaka leo nikikumbuka ulimi unajikunja.

Na wali? Bora ningepofuka nisiuone. Mchele unauzwa umefungwa kwenye vifuko vya plastiki vyenye matundu. Mtu anachemsha maji, anatumbukiza kifuko, baada ya dakika chache anakitoa kinadondoka maji, anakichana na kuumwaga sahanini, wali mweupe umelowa, punje na punje hazijuani. Nilisimama namtazama mpiga picha mmoja, binti mpole, akifanya hivyo. Nikamwuliza, na ukoko je? Akasema, na nini? Nikaitazama ile sufuria. Chini nyeupe, haina hata doa. Sikujua kwamba naweza kuona kinyaa kwa sufuria safi, lakini siku ile niliona.

Hapo ndipo hamu iliponikamata, na haijaniachia. Sitaki nyama, sitaki keki, sitaki chochote cha madirishani. Nataka ukoko wako. Natembea mitaani na ramani mkononi, akilini nakuona umepunguza moto, umeinama umetega sikio kwenye kifuniko mpaka usikie unapasukapasuka, ndipo unasema, "Haya, umeshika." Wali unapakuliwa, tunakula wote, hakuna anayegusa chini. Kisha kijiko cha mafuta, chumvi kidogo, unafunika tena. Unaubandua kwa vidole vyako, unauminya tonge, unampa mwenye zamu ya kuosha, maana kwetu sheria ni moja: mwosha sufuria ndiye mwenye ukoko. Nilipokuwa mdogo niliosha sufuria za nyumba nzima, nikavuka na kwa jirani kuuliza kama wana ya kuoshwa. Mbele ya makanisa makubwa na sanamu za wafalme wenzangu wanapiga picha, mimi nameza mate.

Jumamosi mchana uvumilivu ukanishinda. Nilizunguka mpaka nikapata duka dogo linalouza mchele wa kupima, mchele wa watu wazima, si wa kwenye vifuko. Nikanunua na steelwaya mpya ya kusugulia, yangu mwenyewe. Pale jikoni nikachagua sufuria nzito kuliko zote, nikaisugua mara tatu, nikainusa, nikaisugua ya nne. Nikabandika. Maji yalipokauka nikapunguza moto mpaka mwisho, nikainama, nikatega sikio. Watu wote jikoni wakaacha walichokuwa wakifanya. Mzee wa Soksi akaniuliza kama sufuria inasema kitu. Nikamwambia bado, asubiri.

Ikasema. Kwanza kwa mbali, halafu mfululizo. Harufu ikapanda, ileile, na machozi yakanilenga mbele ya dereva wa malori, sikufichi. Nikapakua wali nikaula nimesimama. Nikatia mafuta, nikatia chumvi, nikafunika, nikasema dakika tano tu. Simu ikaita. Alikuwa Dada Mkubwa. Jikoni mtandao unakatikakatika, nikatoka hadi kwenye ngazi.

Nikaanza kumsimulia kwa furaha ninachopika. Akanikatiza. Kisha akaniuliza, "Hivi wewe, ulimwambia nini mama yetu?"

Akaniambia kwamba tangu nimeondoka unapika umevaa glovu, zile za njano za kuoshea choo, umenunua jozi mpya kwa ajili ya jikoni. Unachambua mchele na glovu, unakanda unga na glovu. Ukoko huubandui tena, ukishapakua tu unamimina maji. Na watoto wake walipokuuliza ukoko wao uko wapi, uliwaambia mikono ya Bibi ina mafuta.

Nilikaa kwenye ngazi simu ikiwa sikioni, naye akakata.

Niliporudi jikoni nilimkuta Mzee wa Soksi kwenye sinki, mikono ya shati ameikunja, anatabasamu. "Rafiki yangu, ulisahau sufuria motoni," akasema, "chini iliungua vibaya, lakini usijali, nimekukwangulia yote." Sufuria ilikuwa inang'aa. Aliikwangua kwa moyo wake wote, kwa sifongo ileile ya buti. Na kwa sheria yetu, Mama Mdogo, ukoko ulikuwa wake, maana aliosha sufuria. Ningegombana naye kwa lipi? Nikamshukuru.

Nikatazama ndani ya sinki. Kwenye kichujio kulikuwa na majani ya chai, nywele za watu nisiowajua, tambi iliyovimba nene kama mnyoo, na juu yake ukoko wangu. Kipande kimoja kilibaki kizima, cha rangi ya kahawia, ukubwa wa kiganja, kimezungukwa na povu. Mzee alikuwa amegeuka anakausha sufuria. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama. Nikakichukua, nikatoa unywele, nikakitia mdomoni. Mimi, Bwana Pua. Nilitafuna sabuni ya limau, nikatafuna mafuta ya jana ya mtu mwingine, na chini kabisa nikaipata ile ladha ya kuungua, kidogo sana. Nikameza.

Halafu nikashikilia ukingo wa sinki, roho imenichafuka kuliko siku ya soksi. Nimepita njia nzima nikiona kinyaa kwa watu, kwa tango, kwa kucha, kwa maharage, na kumbe wa kuonewa kinyaa alikuwa amesimama pale na povu mdomoni. Kinachotoka kwenye uchafu wa watu arobaini nimekila. Kilichotoka mkononi mwako nilikisukuma.

Basi tumefika. Siku ile uliondoka karakana mapema. Nilikuona bombani unasugua mikono kwa sabuni ya unga mpaka ikawa myekundu, kwa kuwa wenzangu wa ofisini wanakuja, na yule binti wa mapokezi ambaye ulijua namtaka. Mafuta ya cherehani kwenye mikunjo ya vidole vyako hayakutoka, kwa sababu hayajawahi kutoka. Yalikuwemo siku uliyonichukua baada ya mama kututoka, yalikuwemo uliponifunga vifungo vya sare, na bila mafuta hayo mimi nisingejua ofisi inafananaje. Ukatupikia. Ukaniletea ukoko ingawa sikuosha sufuria yoyote, ulivunja sheria yako kwa ajili yangu, tonge limo mkononi, unacheka.

Nikamwona yule binti anautazama mkono wako. Nikausukuma. Nikasema, "Mama Mdogo, mikono gani hiyo! Lete kijiko bwana, watu wanaona kinyaa." Tonge likaanguka mkekani. Uliliokota, ukasema, "Kweli mwanangu, nimejisahau," ukaenda jikoni, na sote tukasikia maji yanamiminwa kwenye sufuria. Mimi nikaendelea kuwasimulia wageni habari za safari yangu. Kesho yake ulisema una mashine ya kumaliza, hukunisindikiza, na mimi nikaona afadhali.

Nataka nikwambie ambalo sijamwambia hata Dada Mkubwa. Ninanusa kila kitu, unajua. Ninanusa maji. Lakini chakula kilichotoka mkononi mwako sijawahi kukinusa, hata mara moja, tangu nikiwa mtoto wa miaka sita. Kumbuka mwenyewe kama umewahi kuniona. Siku ile sikuona kinyaa, Mama Mdogo. Niliona haya. Niliogopa yule binti asome kwenye vidole vyako kwamba nimelelewa na fundi cherehani, nikasingizia kinyaa kwa sababu nilidhani kinyaa ni tabia ya watu wa juu. Na hao "watu wanaoona kinyaa" hawakuwepo. Hakuna mgeni aliyesema neno. Nilijisemea mimi nikawabandika wao.

Wiki iliyopita yule binti aliniandikia kunisalimu. Mwishoni akauliza ule ukoko ulipelekwa wapi siku ile, maana alikuwa anaungoja ufike upande wake. Ndicho alichokuwa anakitazama. Nicheke au nilie?

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini wewe ulinifunza, kwa hiyo hata methali hiyo siwezi kujifichia. Nilijua ninachofanya.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nilikukosea mbele ya watu, na kuombana radhi pembeni baada ya kutukanana hadharani ni kazi ya waoga. Nimefupisha safari, narudi tarehe tisa mwezi ujao. Nimeshawaandikia wageni walewale, wote wamekubali kuja, na binti wa mapokezi pia. Nitapika mimi, wewe kaa nao mkekani. Kabla mtu hajagusa chakula nitasimama niwaambie nilichosema siku ile na kwa nini nilikisema, neno la haya nitalitamka mwenyewe wakiwa wananitazama. Baada ya hapo ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kuinuka uende karakana, nitakufungulia mlango. Hasira yako ni yako, sina haki ya kuiharakisha.

Lakini glovu zivue leo, Mama Mdogo, usinisubiri mimi. Kuninyima mimi ni haki yako, hata maisha yote. Wale watoto hawakukukosea kitu. Wanakua wakiamini kwamba mikono ya Bibi yao ni michafu, na hilo limetoka mdomoni mwangu. Jioni ya leo, barua hii ikifika, pika wali, tega sikio, na uwape ukoko kwa mkono.

Nisalimie Dada Mkubwa, mwambie jibu la swali lake limo humu, asome. Msalimie Mjomba Redio na umwambie betri za redio yake nimempatia. Wasalimie pacha wa Dada na yule mdogo wao mwenye kulia. Msalimie jirani yako muuza mkaa. Mungu aitunze mikono yako, ailinde na sindano na umeme, na akupe umri mrefu wa kuitumia upendavyo.

Wako akupendaye, aliyechelewa kulisema,

Mwanao,
Bwana Pua